LED si taa moja: chagua taa kufuatana na kazi



Katika mikutano mingi ya koperative, wakati mutunza-feza anasoma matumizi ya mwezi, kuna neno moja lenye linarudia kila mara: ampuli. Mwezi huu tatu, mwezi ujao ine. Kisha watu wanaanza kusimama. Mumoja anasema: "Batu banasemaka LED inadumu miaka kumi. Hii yetu ilikufa kisha miezi mitatu, njo miaka kumi gani?" Mwengine anasema: "Kwa karatasi beliandika wati 100, lakini inaangaza sawa buji." Na mama wa kuku anasema kwa uchungu: "Tulitosha ampuli ya zamani, tukaweka LED kwa vifaranga. Asubui tulikuta vingi vimekufa na baridi."

Malalamiko hayo matatu yako na mizizi moja. LED ni namna ya kutengeneza mwangaza. Si jina la taa moja. Kuna LED za umeme wa SNEL, kuna za batri, kuna za ndani, kuna za mvua, na kuna kazi zenye LED haiwezi kufanya hata kidogo. Mwenye kununua bila kujua hiyo anapoteza feza ya koperative. Katika makala hii tutaeleza namna LED inafanya kazi, namna zenye ziko sokoni, na ile ya kuchagua kwa nyumba, kwa depo na kwa kuku.

Mwangaza wa LED unatoka wapi?

Ampuli ya zamani iko na kauzi kembamba ndani ya kioo. Umeme unapita, kauzi kanakuwa kekundu, kanaungua na kutoa mwangaza. Lakini sehemu kubwa sana ya umeme ule inageuka joto. Njo maana ukiigusa inakuchoma. Ile ni jiko ndogo yenye inaangaza kidogo.

Kisha tukaona zile nyeupe za kujipinda, zenye tuliita "ekonomike". Zile zinatumia gazi na mvuke wa zebaki ndani ya kioo. Zinakula umeme kidogo kuliko za zamani, lakini zikivunjika, zebaki inatoka. Usiache watoto wacheze nazo, na usizivunje ndani ya nyumba.

LED haina kauzi wala gazi. Ndani yake kuna kipande kidogo sana cha madini yenye yametengenezwa kwa ufundi, kidogo kuliko punje ya mutama. Kinaitwa diodi. Umeme ukipita ndani yake kwa upande mumoja, kinatoa mwangaza. Ukigeuza waya, plus pa minus, haiwaki. Kumbuka neno hilo, kwa sababu tutalirudilia pa taa za batri.

LED ya kwanza yenye mwangaza wa kuonekana vizuri na macho ilikuwa nyekundu. Nick Holonyak aliitengeneza mu Marekani katika mwaka wa 1962. Miaka mingi LED zilikuwa paka zile nukta nyekundu na za kijani kwenye redio. Haikuwezekana kuangaza nyumba, kwa sababu hakukuwa LED ya bluu yenye nguvu, na bila bluu hauwezi kupata nyeupe. Wajapani watatu, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, njo walifungua mulango huo mwanzoni mwa miaka ya 1990. Katika mwaka wa 2014 walipewa Zawadi ya Nobel ya fizika.

Angalia LED nyeupe yenye imezimwa: utaona nukta ya manjano. Ule ni unga wenye wamepaka juu ya diodi ya bluu. Bluu inapita ndani ya unga wa manjano, na macho yetu yanaona nyeupe. Unga ukiwa mubaya, ao joto likizidi, mwangaza unageuka bluu-bluu na kupungua, hata kama taa haijakufa.

Lumeni njo mwangaza. Wati njo chakula

Hapa njo watu wengi wanadanganywa. Wati inaonyesha umeme wenye taa inakula. Haionyeshi mwangaza wenye inatoa. Mwangaza unapimwa kwa lumeni, yenye inaandikwa "lm" kwenye karatasi ya taa.

Fikiri ngombe wawili. Wote wanakula majani kilo ileile kwa siku, lakini mumoja anatoa maziwa mingi kuliko mwengine. Wati ni majani, lumeni ni maziwa. Wewe unatafuta maziwa.

Angalia namna ampuli hizi zinalingana:

- Ampuli ya zamani ya wati 40 inatoa lumeni karibu 450. LED ya wati 5 inatoa mwangaza uleule.
- Ampuli ya zamani ya wati 60 inatoa lumeni karibu 800. LED ya wati 8 mupaka 10 inatosha.
- Ampuli ya zamani ya wati 100 inatoa lumeni karibu 1,500. LED ya wati 15 hivi inafanya kazi yake.

Mushumaa moja unatoa lumeni karibu 12. Kataa ka mukebe kenye utambi na petroli hakashindi sana hapo, na kanatoa moshi. Kwa hiyo LED kadogo ka wati 1 peke yake, kenye lumeni 80 ao zaidi, kanashinda mishumaa 6. Hapo njo faida ya kweli kwa mutoto mwenye kusoma usiku, na hakuna moto wa kuangukia nguo ao majani ya nyumba.

LED ya kawaida yenye ni nzuri inatoa lumeni 80 mupaka 120 kwa kila wati moja. Tumia hesabu hiyo kukamata bongo. Kama kataa kadogo ka plastiki kameandikwa "wati 100", inapashwa kutoa lumeni 8,000 ao zaidi. Hiyo ni mwangaza wa kuangaza kiwanja kizima. Kama inaangaza paka meza, maandishi ni ya bongo. Na kama karatasi haiandike lumeni hata kidogo, uliza sababu gani.

Namna za LED zenye utakuta sokoni

*Ampuli ya kawaida ya volti 220.* Ni hii tunaweka nyumbani kwa umeme wa SNEL ao wa grupu. Kuna za kuzungusha sawa visi, na kuna zenye misumari miwili pembeni. Angalia kwanza ile yenye nyumba yenu inatumia. Ndani ya shingo yake kuna kadude kenye kugeuza volti 220 kuwa umeme mudogo wenye diodi inapenda. Mafundi wanakaita "draiva". Mara nyingi, ampuli ikikufa, si diodi zimekufa, ni draiva.

*Ampuli ya nyuzi.* Inafanana na ya zamani, kioo na vinyuzi vya manjano ndani. Ile pia ni LED: kila uzi ni mustari wa diodi nyingi ndogo. Ni nzuri na inaangaza pande zote, lakini kioo kinavunjika. Si ya kuweka depo pahali magunia yanarushwa.

*Tubu ndefu.* Inachukua pahali pa neon za zamani. Angalisho: neon ya zamani iko na balasti na kastata. Tubu nyingi za LED hazipende balasti. Soma karatasi, na uache fundi wa umeme aondoe balasti kama inaomba. Tubu ni nzuri kwa chumba kirefu sawa vile depo ya mahindi ao pahali pa kuchagua mbegu.

*Projekta.* Ni ile bapa ya kuweka inje, kwa lupango ao kwa mashini ya kusaga. Ndani kuna diodi nyingi zenye zimepangwa, ao sahani moja kubwa ya manjano. Ile ya sahani moja mafundi wanaiita COB, na zile za kupangwa SMD. SMD ziko na namba. Kwa mufano, 2835 inamaanisha diodi yenye ukubwa wa milimeta 2.8 kwa 3.5. Namba kubwa haimaanishe mwangaza mingi; ni kipimo cha diodi tu. Kwa inje tafuta maandishi IP65: ile inavumilia vumbi na maji ya mvua. Yenye IP20 ni ya ndani peke yake.

*Utepe.* Ni mukanda wenye diodi nyingi, mara nyingi wa volti 12. Ni wa duka na saluni. Kwa koperative unaweza kusaidia chini ya rafu ya depo, lakini usiuchukue kama taa kubwa.

*Ampuli ya volti 12.* Inafanana sawasawa na ile ya volti 220, hata shingo inaweza kuwa moja. Lakini ni ya batri na pano ya jua. Ukiiweka kwa SNEL inapasuka mara moja. Ukiweka ya volti 220 kwa batri, haiwaki. Andika kwa feltre juu ya kila ampuli: "12" ao "220". Kazi ya dakika moja, na inaokoa feza.

*Ampuli yenye batri ndani.* Umeme ukiwa, inajichaji. Delestaji ikianza, inaendelea kuwaka yenyewe. Inafaa kwa ofisi na kwa duka ya koperative. Lakini batri yake ni ndogo na inachoka mbele ya diodi. Usihesabu kwamba itafanya miaka mingi.

*Taa ya jua ya mukononi.* Ndani kuna kila kitu: pano, batri na LED. Kwa familia yenye iko mbali na waya ya SNEL, njo mwanzo muzuri. Kuna programu ya kimataifa inaitwa VeraSol yenye inapima taa hizo na kuandika zile zenye zimeshinda mutihani. Kama unaweza kuchagua, chagua yenye kupimwa, na yenye garanti ya kuandikwa.

Rangi ya mwangaza

Kwenye karatasi utaona pia namba yenye herufi K. Karibu na 2,700 ao 3,000 K, mwangaza ni wa manjano sawa wa moto. Karibu na 4,000 K ni mweupe wa katikati. Pa 6,500 K ni mweupe wa baridi, wenye bluu kidogo.

Mweupe wa baridi unafaa pahali pa kuchagua maharagi, kuangalia mahindi yenye kuvu, ao kuandika hesabu. Lakini inje usiku, ule mweupe wa baridi unaita wadudu kuliko ule wa manjano. Kwa hiyo pa mulango wa depo na pa nyumba ya kuku, weka ya manjano. Wadudu watapungua, hata kama hawatakwisha.

Kuku wa mayai: taa ni chakula cha pili

Wanakoperative wengi karibu na Lubumbashi wanafuga kuku wa mayai, na wote wanajua namna mayai ya Zambia yanaingia kwa Kasumbalesa na kubanana na yetu sokoni. Ili kusimama, kuku wetu wanapashwa kutaga vizuri mwaka muzima. Hapo taa iko na kazi kubwa.

Kuku anataga kufuatana na urefu wa mwangaza wenye anapata kwa siku. Kuku wa mayai anapenda saa 14 mupaka 16 za mwangaza kwa siku. Kwetu Lubumbashi, katika mwezi wa 6, jua linaangaza karibu saa 11 na nusu. Katika mwezi wa 12, karibu saa 12 na dakika 50. Kwa hiyo hata katika siku ndefu kabisa ya mwaka, jua peke yake halitoshi, na katika musimu wa baridi linapungukiwa zaidi. Njo maana mayai yanapunguka wakati ule, hata kama chakula ni kilekile.

Tufanye hesabu kwa nyumba ya kuku 100, yenye meta za mraba 20 hivi. LED mbili za wati 5 za manjano zinatosha. Ukitaka saa 15 za mwangaza katika mwezi wa 6, unaongeza saa 3 na nusu. Wati 10 mara saa 3 na nusu ni wati-saa 35 kwa siku.

Sasa linganisha. Kama ungetumia ampuli mbili za zamani za wati 40, ingekuwa wati 80 mara saa 3 na nusu, ni kusema wati-saa 280. Batri ya volti 12 na ampea-saa 20 iko na wati-saa 240 ndani yake, lakini batri ya asidi usiimalize kupita nusu, ukitaka idumu. Inabakia 120. Kwa LED, hizo 120 zinafanya siku tatu. Kwa ampuli za zamani, hazifike hata nusu ya kazi ya siku moja. Na ya kurudisha zile wati-saa 35 kila siku, pano ya wati 20 inatosha kwa jua la kwetu.

Kanuni za kufuata:

- Usianze kuongeza mwangaza mbele kuku hawajakomaa. Ngojea wiki ya 18 hivi, wakati uzito wao umefika.
- Ongeza polepole, nusu saa kwa kila wiki, mupaka kufika saa 15 ao 16.
- Weka saa nyingi za kuongeza asubui, mbele jua halijatoka. Magharibi jua linashuka polepole, na kuku wanapata wakati wa kupanda pa kulala. Taa yenye kuzimwa gafula usiku inawaacha chini katika giza.
- Kisha kuanza, usipunguze tena. Leo saa 15, kesho 12, kesho kutwa 15: kuku wanachanganyikiwa, mayai yanaanguka, wengine wanaanza kunyonyoka manyoya.
- Panguza taa kila wiki. Vumbi la nyumba ya kuku linakula mwangaza.

Kanuni ya ine njo yenye inashinda wengi, kwa sababu ya delestaji. Kama kuku wako wanategemea SNEL peke yake, SNEL njo inaamua mayai yako. Batri ndogo na LED mbili zinarudisha uamuzi kwako.

Vifaranga: hapa LED haifai

Sasa tunarudia yule mama wa vifaranga. Ampuli ya zamani aliyotosha ilikuwa inafanya kazi mbili: kuangaza na kutoa joto. Ile LED aliyoweka iliangaza vizuri kuliko ya kwanza, lakini joto lake halifike kwa vifaranga. Vikafa katika mwangaza.

Kifaranga cha siku ya kwanza kinaomba joto la digri 32 mupaka 34 pa urefu wa mugongo wake. Kisha unapunguza digri 3 hivi kila wiki. Joto hilo litoke kwa ampuli ya zamani, kwa ampuli nyekundu ya kutoa joto, ao kwa mbabula ya makala. LED iwe ya kuangaza tu, ili vione chakula na maji.

Ukitumia mbabula, acha nafasi ya hewa juu ya ukuta. Hewa mubaya ya makala haina harufu, na inaua vifaranga, inaua hata mutu mwenye analala mule kuvichunga. Na angalia vifaranga venyewe, ni termometa nzuri: vikijikusanya pamoja, viko na baridi; vikikimbia mbali na moto na kufungua midomo, joto limezidi; vikitawanyika na kula, ni sawa.

Sababu gani LED yetu inakufa mbio?

Karatasi inasema saa 15,000 ao 25,000. Kwa saa 5 kila siku, saa 25,000 ni miaka zaidi ya 13. Si bongo yote. Ni kweli kwa taa nzuri yenye inaishi vizuri. Kwetu kuna adui watatu.

Wa kwanza ni umeme wenye kupanda na kushuka. Umeme wa Lubumbashi unatoka mbali: pa Mwadingusha na Koni kwenye muto Lufira, pa Nzilo na Nseke kwenye Lualaba, na pa Inga, kwa waya ya kilometa karibu 1,700 mupaka Kolwezi. Migodi na muji vinakunywa kwenye kisima kimoja. Umeme ukikatika na kurudi, mara nyingi unarudi kwa kishindo, na kishindo hicho kinapiga draiva. Kwa hiyo, umeme ukienda, zima swichi. Ukirudi, ngojea dakika tano mbele ya kuwasha. Na wakati wa kununua, chagua ampuli yenye imeandikwa "85–265V" kuliko yenye imeandikwa "220–240V" peke yake. Ya kwanza inavumilia umeme wenye kuzaifika magharibi.

Adui wa pili ni joto. Tumesema joto la LED halitoshi kwa vifaranga, na ni kweli, lakini kale kadogo kenye kanatoka kanabakia nyuma, pa shingo, pahali pa draiva. Ukifunga ampuli ndani ya bakuli ya kioo yenye kufungwa, ao karibu sana na bati lenye kuchomwa na jua, draiva inapikwa. Acha hewa ipite. Njo sababu LED nzuri iko na aluminiamu pa shingo, na ni nzito kidogo mukononi. Ile nyepesi sawa ganda la karanga, haina pahali pa kupeleka joto.

Adui wa tatu ni waya mubaya. Sisi watu wa Katanga tunatosha shaba kwenye udongo wetu, lakini sokoni tunauziwa waya ya aluminiamu yenye kupakwa shaba juu. Kwaruza na kisu: kama ndani ni nyeupe, si shaba.

Kwa volti 12 jambo hilo ni la nguvu. Tuseme batri iko nyumbani, na nyumba ya kuku iko pa meta 20, na taa ni wati 10. Kwa waya ya shaba ya milimeta za mraba 1.5, unapoteza volti 0.4 hivi, hakuna shida. Kwa waya nyembamba ya 0.5, unapoteza zaidi ya volti 1. Na kama ile nyembamba ni ya aluminiamu, unapoteza karibu volti 2 katika 12. Taa itaangaza kwa uzaifu, na utasema taa ni mubaya, kumbe ni waya. Usisahau pia plus na minus: taa ya volti 12 ikikataa kuwaka, geuza waya mbili mbele ya kuirudisha dukani.

Na kwa wenye pano: kuanzia mwezi wa 5 mupaka wa 9, vumbi na majivu ya moto wa pori vinalala juu ya pano. Panguza na kitambaa chenye maji kila wiki, asubui, wakati pano haijapata moto.

Mbele ya kulipa dukani

Ukienda soko ya Kenya, ao katikati ya muji, ao kwa mufanya biashara wa Kasumbalesa, chukua dakika kumi kwa mambo haya:

1. Soma volti: 12 ao 220? Ni kwa umeme gani wenye uko nao?
2. Soma lumeni. Gawanya kwa wati. Kama jibu ni kati ya 80 na 120, inaaminika. Kama ni 300, ni bongo. Kama hakuna lumeni, uwe na mashaka.
3. Soma K na IP kufuatana na kazi: manjano ao mweupe, ndani ao inje.
4. Omba waiwashe mbele yako, na uiache dakika chache. Iangalie kupitia kamera ya simu. Ukiona mistari nyeusi yenye nguvu inapita-pita, draiva ni ya bei ya chini na macho yatachoka.
5. Ipime mukononi. Linganisha uzito na nyingine.
6. Omba fakture yenye tarehe na garanti. Kama mwenye duka anakataa kuandika garanti hata ya miezi sita, yeye mwenyewe haiamini taa yake.

Kisha nunua kwanza mbili ao tatu za kupima, usinunue makumi mara moja. Andika tarehe na feltre pa shingo ya kila moja, na uandike pia katika kaye ya koperative: duka gani, bei gani, iliwekwa wapi. Kisha miezi sita, kaye hiyo itawaonyesha taa yenye ilikuwa rahisi kweli. Ampuli ya bei ya chini yenye mutanunua mara ine kwa mwaka ni ya bei ya juu.

Jambo la mwisho ni takataka. Batri ya asidi yenye imekufa iko na risasi ndani, sumu kwa watoto na kwa udongo. Usiifungue, usiichome, usiitupe karibu na kisima. Ikusanyeni pahali pamoja, mbali na watoto, na muirudishe kwa mwenye kununua batri za zamani. Ekonomike zenye zimekufa, muziweke ndani ya karatasi zao bila kuzivunja.

Ya kuzungumuza katika mukutano wenu

Tunaomba kila koperative ifanye hesabu ndogo katika mukutano ujao. Orodhesheni kila pahali penye taa: depo, ofisi, nyumba ya kuku, pahali pa vifaranga, lupango. Pembeni ya kila pahali, muandike kazi yake, umeme wenye uko (SNEL, grupu, batri), na saa ngapi inawaka kwa siku. Hapo mutajua wapi ya kuweka LED ya manjano, wapi nyeupe, wapi ya volti 12, na wapi ya kuacha ampuli ya zamani ifanye kazi yake ya joto.

Mutu moja achaguliwe kulinda ile orodha na ile kaye. Si lazima awe fundi. Inaomba paka ajue kusoma volti, lumeni na tarehe. Na wakati mutunza-feza atafika pa mustari wa ampuli, ataweza kusema ni duka gani iliuzisha, ilidumu miezi ngapi, na kama koperative itarudi kule ao hapana.